Mpiga Ngoma Apewe Kiti

Wanachuo wenzangu, chukueni ratiba yoyote ya shughuli mliyowahi kupewa mlangoni. Mahafali, uzinduzi wa jengo, mapokezi ya mgeni rasmi, zote zinafanana. Wageni waalikwa kuwasili. Mgeni rasmi kuwasili. Kisha, kati ya mgeni kushuka kwenye gari na Wimbo wa Taifa, kuna mstari mmoja: "Burudani, ngoma ya asili." Hakuna jina la kikundi wala la mtu. MC ana jina, DJ ana jina, hata mwenye mapambo ana jina na namba ya simu kabisa. Mama anayepiga ngoma hana.

Hoja yangu ni fupi na naisema mapema, ili mwenye haraka ya kuwahi foleni ya kantini aondoke nayo. Katika bajeti ya Wiki ya Utamaduni ambayo wabunge wetu wa serikali ya wanafunzi wanakwenda kuijadili, ngoma ya asili ipewe saa nzima jukwaani. Wapigaji walipwe kwa makubaliano ya maandishi, kama tunavyomlipa DJ. Na wanachopiga kirekodiwe, majina yao yakiwemo. Mwenye muda abaki, nimweleze kwa nini.

Kilichonisukuma kuandika ni albamu. Inaitwa Maisha, imetoka mwaka 2024 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, na waimbaji wake wanajiita The Zawose Queens. Ni Pendo Zawose na Leah Zawose, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, yule mzee wa Kigogo aliyetoka huku kwetu Dodoma, akaishi Bagamoyo, na akafikisha zeze na ilimba kwenye majukwaa ya nje hadi alipofariki mwaka 2003. Hapa hosteli tumeisikiliza kwa spika ndogo ya mshkaji mmoja wa mwaka wa pili. Wa kwanza kutoa maoni alisema, "Hii ni ya watalii." Wa pili alikaa kimya, mguu ukawa unapiga sakafu wenyewe. Baadaye akauliza, "Hivi hii si jazz?"

Swali lile lilichekwa, ila mimi naona lilikuwa zuri kuliko maoni ya kwanza. Tulijibu.

Katika jazz ya Marekani, mpiga drams kwa kawaida anakaa nyuma. Mbele yuko mwenye tarumbeta au saksafoni, ndiye picha yake iko kwenye jalada. Wachache walivunja mpangilio huo. Mwaka 1955, mpiga drams Chico Hamilton alianzisha kundi la watu watano akiwa yeye ndiye kiongozi, na ndani yake akaweka selo, gitaa na besi pamoja na mpuliza filimbi na saksafoni. Watu walishangaa: selo inafanya nini kwenye jazz? Na imekuwaje drams ndizo zinazoamua nani aingie na lini? Miaka 30 baadaye, mwaka 1985, Max Roach, naye mpiga drams, alitoa albamu ya Easy Winners, ambamo kundi lake la watu wanne lilipiga pamoja na wapiga nyuzi, na mmoja wao alikuwa binti yake mwenyewe, Maxine. Ngoma inaongoza, nyuzi zinajibu. Kule hilo lilikuwa jambo jipya la kuandikiwa makala.

Sasa njoo uwanda wa kati. Wagogo wana ngoma inayoitwa muheme. Wapigaji wake ni wanawake. Ngoma zao zina kiuno chembamba katikati, mama anaibana mapajani na kuipiga kwa mikono akiwa wima, na bado mwili wote unacheza. Yuko mmoja anayeongoza. Yeye akibadilisha pigo, wengine wanabadilika, na wachezaji wanajua zamu yao bila kuambiwa kwa mdomo. Upande wa pili kuna zeze, chombo cha nyuzi cha kupigwa kwa uta, pamoja na ilimba na sauti zinazoimba kwa kupandana, kila mmoja na njia yake, bila kugongana. Kundi dogo linaloongozwa na mpiga ngoma, nyuzi zikiwa karibu: kwa Chico Hamilton lilikuwa jaribio, kwa bibi wa Kigogo ni Jumamosi ya kawaida baada ya mavuno.

Sisemi muheme ni jazz. Haihitaji cheo hicho. Nasema kwamba kijana wa mwaka wa pili aliyeuliza lile swali alisikia kitu cha kweli: alisikia ngoma ikiongoza badala ya kusindikiza. Masikio yake yalikuwa sahihi, ila hakuwa na jina la kukiita, kwa sababu sisi wenyewe hatujampa. Tumempa neno "burudani" tu.

Cha ajabu ni kwamba nchi hii neno jazz tunalo kitambo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Ikaja Morogoro Jazz, ikaja Western Jazz, ikaja Kilwa Jazz. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Hawa wazee hawakupiga jazz ya New York. Walipiga dansi, rumba yenye ladha ya hapa, na gitaa ndilo lililokuwa bosi. Ila tazama safari ya hiyo NUTA Jazz: chama kilivyobadilika ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Msondo ni ngoma, ile ndefu. Bendi ilianza na jina la kigeni, ikaishia kujiita kwa ngoma, na hakuna aliyeona imeshuka hadhi.

Na wenzetu wa upande wa pili walikuwa wakitutafuta hukuhuku. Mwaka 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu ya Uhuru Afrika. Jina lake ni Kiswahili. Mashairi aliandika Langston Hughes, ngoma zilikuwa nyingi kuliko kawaida ya bendi za kule, na yule Max Roach alipiga marimba. Mwanzoni inasikika sauti ikizungumza Kiswahili. Ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, ambaye wazee wenu wanamkumbuka kama mbunge wa Makete. Tanganyika ilikuwa bado mwaka mmoja ipate uhuru wake. Yaani mtu wa Brooklyn aliona fahari kuanza kazi yake kwa lugha yetu na ngoma za bara letu, halafu sisi tunaiweka ngoma getini, mgeni apite.

Getini, nasema nikijua. Mwaka jana nilikuwa kwenye kamati ya mapokezi ya shughuli moja, mahali sitapataja. Kikundi cha akina mama kilifika saa moja asubuhi kama kilivyoambiwa. Mgeni alifika saa tano na ushei. Muda wote huo walikuwa juani, maana mahema yalikuwa ya wageni waalikwa. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Waliwasha moto wa karatasi na majani makavu pembeni ili kukaza ngozi za ngoma, mlinzi akaja kuwafukuza kwamba wanachafua mazingira. Walipiga dakika sita. MC akawakata katikati ya pigo: "Asanteni sana akina mama, tusogeze ratiba." Kisha soda, na bahasha ya nauli. DJ alikuja saa saba, akakuta kiti, meza, feni na chakula, akapiga nyimbo za watu wengine hadi jioni.

Nilimsogelea mama mmoja nikamwamkia na kumpa pole ya jua. Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Jua tumelizoea, tunalima. Ila leo hatukupiga. Tulikuwa tunaanza." Ngoma kama muheme haijengwi kwa dakika sita. Dakika za mwanzo wapigaji wanasikilizana tu, mikono inapata moto, sauti zinatafuta mahali pake. Ukiikata hapo hujaisikia. Ni sawa na mhadhiri kukatwa akiwa bado anaandika mada ubaoni, halafu mtu aseme somo lile halina kitu.

Sasa nijibu wanaopinga, maana wako na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza ni ndugu zangu wa nyumbani. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Nikileta hoja hii kwenye umoja wetu wa wanafunzi wa Kondoa, naulizwa, "Muheme ni ya Wagogo, sisi inatuhusu nini?" Ni kweli. Kondoa si Ugogo, na tumechoka kuona kila kinachotoka mkoa wa Dodoma kinavalishwa jina moja. Kondoa na Chemba wako Warangi, Wasandawe wenye lugha ya kidoko, Waburunge, Waalagwa. Wana nyimbo zao na ngoma zao. Wengi wetu tumekulia kwenye maulidi yenye dufu, na dufu nayo ni ngoma, ina mwenye kuongoza na wenye kuitikia. Lakini hiyo hoja inanisaidia mimi. Wagogo angalau wanao akina Zawose, wana tamasha lao la muziki pale Chamwino, wana watafiti waliokwenda mpaka vijijini kama Nzali na kurekodi. Wewe Mrangi mwenzangu, nitajie albamu moja ya wapiga ngoma wa kwetu tunayoweza kuifungua leo hosteli. Mwenye nayo ailete, tutakaa nayo usiku kucha.

Na hapa Kondoa tuna mfano wetu mwenyewe wa nini kinatokea mtu akiheshimu kitu kwa kukiandika. Michoro ya Kolo na majirani zake iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: mapango na miamba zaidi ya 150, kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336. Watu wa pale waliijua tangu zamani. Lakini dunia iliijua vizuri kwa sababu watu waliketi mbele ya mwamba na kunakili, mstari kwa mstari. Mary Leakey alifanya kazi hiyo mwaka 1951, na kitabu kikatoka mwaka 1983. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike, basi la wanafunzi linafika Kolo na kurudi siku hiyohiyo. Tunapiga picha, tunapandisha.

Ila mchoro una bahati: unakaa kwenye jiwe. Utafifia kwa jua na mvua, lakini leo ukienda upo. Pigo la ngoma halina jiwe. Linakaa kwenye mikono ya mtu, na huyo mtu ana miaka 60 na kitu, na wajukuu zake wako Dodoma mjini, Arusha, Dar, wanatafuta maisha. Akizikwa, limekwenda. Na kumbukeni jambo moja kuhusu Kolo: pale Mungomi watu bado wanakwenda kufanya matambiko. Urithi ule hai hadi leo, haukuwekwa kabatini. Ndivyo ninavyotaka kwa ngoma pia. Kurekodi kusiwe kuzika. Irekodiwe na iendelee kupigwa.

Wapinzani wa pili wanasema wanafunzi hawataki ngoma, wanataka singeli na amapiano. Mimi pia nacheza singeli, msinione mzee. Lakini singeli ni nini kama si ngoma iliyokimbizwa? Sikilizeni kinachowainua watu pale saa nne usiku. Maneno hayasikiki, ni pigo tu. Kizazi kinachocheza pigo kwa spidi ile hakiwezi kusema hakipendi ngoma. Ambacho hatujafanya ni kuipandisha jukwaani usiku, maiki zikiwa zimewekwa vizuri kwenye kila ngoma, taa zimewashwa, watu wameshiba na wana nafasi ya kucheza. Tunaipiga saa tatu asubuhi juani, mbele ya watu wenye suti wanaoangalia saa, halafu tunahitimisha kwamba haina mashabiki. Hata msanii mkubwa mnayemjua, mweke getini saa tatu asubuhi bila spika muone.

Wa tatu ni wale wa "mbona albamu yenyewe imetolewa na Wazungu?" Hii inauma kwa sababu ni kweli. Chibite ya mzee Zawose ilitoka kwa lebo hiyohiyo ya Uingereza mwaka 1996. Hii ya mwanawe na mjukuu wake, mwaka 2024, ni tena hukohuko. Karibu miaka 30, familia moja, mlango mmoja. Tunaweza kulalamika kwamba wanatuchukulia utamaduni. Lakini kabla ya kulalamika, tuhesabu ni mara ngapi sisi tumewafungulia wetu. Wamiliki wa lebo ile walifanya jambo ambalo hata kamati ya burudani ya chuo inaliweza: waliwakalisha wapigaji, wakawasikiliza mpaka mwisho, wakaandika majina yao kwenye jalada. Na kwa miaka mingi wanawake wa familia ile walisikika zaidi kama waitikiaji nyuma ya wanaume. Sasa wako mbele, wanapiga na kuongoza. Hiyo peke yake ilistahili mjadala kwenye kumbi zetu, maana huku kwenye muheme mwanamke ameshika ngoma siku zote. Aliyemsogeza nyuma ni jukwaa.

Wa nne ndio ninaowaheshimu zaidi. Wanasema baadhi ya ngoma hizi ni za jando na unyago, si za kila jicho. Muheme yenyewe asili yake iko kwenye shughuli za wasichana kuwekwa ndani na kufundwa. Je, ni haki kuileta ukumbini, wavulana wakirekodi kwa simu? Jibu langu ni kwamba si mimi wala waziri wa utamaduni wa serikali ya wanafunzi mwenye jibu. Wenye ngoma ndio wenye jibu. Wakisema hii inapigwa hadharani na ile haipigwi, imekwisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inatambua kwamba sanaa za jadi zina ulinzi wake, si mali ya kuokota. Lakini angalieni: anayeogopa kuivunjia ngoma heshima anapaswa kuanza kuogopa kule getini. Huko ndiko tunakoikata katikati na kuilipa soda.

Basi nipendekeze, ili wabunge wasiseme makala ilikuwa ya malalamiko.

Kwanza, Wiki ya Utamaduni iwe na usiku mmoja wa ngoma, na kila kikundi kipewe saa moja kamili. Vikundi vitatu vinatosha: kimoja cha Wagogo, kimoja cha Kondoa, kimoja tuzungushe mwaka kwa mwaka. Bora vitatu vilivyosikika kuliko kumi vilivyopita.

Pili, makubaliano yaandikwe. Yaseme saa ya kufika na saa ya kupiga, chakula, usafiri wa kwenda na kurudi, mahali pa kukaa kivulini, mahali pa kukaza ngozi, na malipo. Malipo yasipungue ya DJ wa usiku huohuo. Nusu kabla, nusu baada. Wanafunzi wa sheria mnalalamika hamna mazoezi: haya, andikeni huo mkataba kwa Kiswahili kinachosomeka, msomeeni mama kwa sauti kabla hajaweka dole gumba au saini.

Tatu, turekodi kwa ruhusa. Nakala ya kwanza iwe ya kikundi, siyo ya chuo. Jina la kila mpigaji liandikwe, na nani aliongoza. Tusipandishe chochote mtandaoni ambacho wenyewe hawajakubali.

Nne, tuanzishe klabu ya kujifunza. Wachache tu wanaotaka kushika ngoma na zeze kwa mikono yao, wakifundishwa na hao akina mama na wazee, ambao walipwe kama walimu. Vifaa vya michezo tunanunua kila mwaka. Ngoma mbili tatu na zeze moja haziwezi kutushinda.

Hela itatoka wapi? Itatoka palepale inapotoka sasa. Sijaomba bumu liongezwe wala ada ipande. Naomba kifungu cha burudani kigawanywe upya, na kwenye ile ratiba ya mlangoni, pale palipoandikwa "ngoma ya asili", paandikwe jina la kikundi na jina la anayeongoza.

Mbunge wa kitivo chako unamjua, na mwenzio wa chumba cha pili huenda ndiye. Mwulize kabla ya kikao atapiga kura upande gani. Akikujibu kwamba ngoma ni burudani tu, mpe spika, mwekee Maisha, na umwambie asizime mpaka iishe.